Kilo 37 za kambi juu ya pikipiki: uchambuzi wa kisa kimoja

Mwenzangu alikuwa nyuma yangu kwenye pikipiki yake, mita 50 hivi, na yeye ndiye aliyeona kabla mimi sijaelewa kinachotokea. Nilichohisi ni kwamba usukani umekuwa mwepesi, kama vile gurudumu la mbele halikanyagi sawasawa. Yeye aliona mzigo wangu wote unacheza kushoto na kulia, taratibu mwanzoni, kisha kwa nguvu, mithili ya mkia wa samaki. Lori lilikuwa limetoka kutupita likija upande wa pili, upepo wake ukanipiga ubavuni, na pikipiki ikaanza kuyumba mara mbili au tatu kila sekunde. Kasi ilikuwa kilomita 85 kwa saa. Nilipunguza mafuta polepole, nikabana tangi kwa magoti, nikainamia mbele na kuacha kushindana na usukani. Breki sikuigusa. Tuliposhuka hadi 60 ikatulia yenyewe.

Nikaegesha kando ya barabara, mikono inatetemeka.

"Kaka, hapo nyuma umefunga nyumba nzima," akasema hata kabla hajavua helmeti.

Nikamjibu kwamba ni upepo wa lori. Hilo lilikuwa kosa langu la pili la kutafuta sababu siku ile. La kwanza nalisimulia hapa chini.

Kilichokuwa juu ya pikipiki

Tulipanga kulala nje siku 3. Pikipiki yangu ni ya cc 250, ya kwenda kwenye lami na vumbi, na tangi likijaa ina kilo 145. Kitabu chake kinasema inabeba kilo 150, na hapo wanahesabu dereva, mavazi yake, helmeti, abiria na kila kitu kilichofungwa. Mimi na mavazi yangu ya safari tuna kilo 86. Kwa hesabu hiyo nilikuwa na nafasi ya kilo 64, na mzigo wangu, nilipokuja kuupima kitu kimoja kimoja, ulikuwa kilo 37 na nusu. Yaani kwa karatasi nilikuwa salama kabisa, na ndiyo maana sikuwa na wasiwasi.

Hema lilikuwa la watu wanne, kilo 6.8, limekunjwa kwenye mfuko wa sentimita 65. Begi la kulalia la zamani, lile la pamba bandia linalojaa kama mto wa kochi, kilo 2.2. Godoro jembamba la kukunja, 1.9. Kiti cha kukunja cha miguu minne, kilo 3.4 na urefu wa sentimita 95. Jiko dogo na makopo mawili ya gesi, 1.2. Vyombo vya kupikia, 1.6. Nguo, 4.5. Chakula, 3. Vifaa vya ufundi na pancha, 2.5. Halafu dumu la maji la lita 10, ambalo pamoja na plastiki yake lilikuwa kilo 10.4.

Ukiutazama mzigo ule kwa macho, dumu lilikuwa karibu dogo kuliko vyote. Kilichokuwa kinatisha ni begi la kulalia, hema na kiti. Kwa hiyo akili yangu yote niliiweka kwenye yale makubwa. Begi la nguo nililisimamisha kwenye kiti cha abiria niliegemee, chakula na vikorokoro vingine vikajipenyeza hapo hapo. Kwenye keria nikalaza hema na vifaa vya ufundi, juu yake begi la kulalia, kiti nikakikingamisha, na mwisho kabisa, pale kwenye ukingo wa keria palipobaki nafasi, nikasimamisha dumu. Vyote nikavibana kwa mipira minne yenye ndoano. Chini ya keria ile kuna stika ndogo iliyofifia inayosema kilo 5. Mimi niliweka 25.

Kwa wasiowahi kufanya hivi: mzigo ukifika kimo kile, hata kupanda pikipiki ni kazi. Mguu hauvuki. Nilipanda kwa kukanyaga kikanyagio cha kushoto kama mtu anayepanda punda, pikipiki ikiwa imeegemea kigingi chake chembamba cha pembeni. Njia rahisi ya kuiangusha kabla safari haijaanza ni hiyo.

Matukio manne, siyo moja

Tukio la kwanza sikulihesabu kama tukio. Tulipokuwa tunatoka, tulipita kati ya nguzo mbili. Dereva wa pikipiki hupima nafasi kwa usukani. Mikono ikipita, mwili wote umepita. Usukani wangu una upana wa sentimita 82. Kiti kilikuwa na 95. Ncha yake ya kulia ikagonga nguzo, siyo kwa nguvu, nikasikia tu kishindo kidogo mgongoni. Nikatazama kwenye kioo, kila kitu kipo. Tukaendelea.

Dakika 40 baadaye nikasikia harufu ya plastiki inayoungua. Tulisimama tukakuta mzigo umejipinda. Kile kishindo kilikuwa kimeuzungusha kidogo, ukalalia kulia, na mfuko wa begi la kulalia ukashuka hadi ukagusa ekzosi. Nailoni ya kawaida huyeyuka kwenye nyuzi joto 220 hivi za Selsiasi na huanza kulainika mapema zaidi, na bomba la ekzosi la pikipiki iliyo safarini haliko mbali na hapo. Tundu lilikuwa na ukubwa wa kiganja, kingo zake zimeganda nyeusi kama sukari iliyoungua, na pamba imeanza kunata kwenye chuma. Ilichukua siku kadhaa kuikwangua.

Hapo ndipo nilipotoa maelezo yangu ya kwanza yenye makosa: mipira imelegea. Nikaongeza wa tano, nikavuta yote mpaka ndoano zikapinda. Mwenzangu alinionya nisogeze uso, na alikuwa sahihi, maana ndoano ya mpira uliovutwa ikichomoka hurudi moja kwa moja usawa wa macho.

Tukio la tatu lilikuwa dogo na nililielewa wiki moja baadaye. Tulipita kwenye kipande cha msitu chenye giza, nikawasha taa kubwa kisha nikarudisha ndogo, na bado magari yaliyotoka mbele yakawa yananiwashia taa kwa hasira. Nilidhani madereva wa siku ile wamelala vibaya.

La nne ni lile la lori.

Jaribio la pale pale

Mwenzangu hakukubali maelezo ya upepo. "Mimi nimepigwa na lori lile lile," akasema, "mbona mimi sikucheza?" Naye alikuwa na mzigo, kwa ukubwa haukupungua wangu sana. Tofauti ni kwamba maji yake yalikuwa kwenye chupa ndani ya mabegi ya ubavuni.

Tukafungua mipira yote. Dumu tukalitoa kwenye ukingo wa keria tukaliweka kwenye kiti cha abiria, likinigusa mgongo. Begi la nguo tukalirudisha nyuma mahali pa dumu. Vingine vyote vilibaki vilivyokuwa, hata kile kiti kirefu, ila mara hii nilikifunga kwa urefu. Kilo zilikuwa zile zile 37 na nusu. Ukitutazama kwa mbali usingeona tofauti yoyote ya maana, bado nilikuwa nyumba nzima inayotembea.

Na pikipiki haikuyumba tena. Tulikwenda 70 karibu njia yote, na mara moja, barabara ilipokuwa tupu na nyoofu, nikaipeleka taratibu hadi 85. Usukani ulikuwa mzito kidogo, mvivu, lakini umetulia.

Kwa maoni yangu kisa chote kiko hapo. Tunapozungumzia vifaa vya kambi tunalalamikia ukubwa: hema halikunjiki, begi la kulalia limejaa, godoro refu. Lakini sehemu kubwa ya ukubwa huo ni hewa. Begi langu la kulalia lilikuwa na ujazo mara nne wa dumu na uzito chini ya robo yake. Pikipiki haijali sana hewa iko wapi. Inajali kilo ziko wapi.

Mizani ilisema nini

Niliporudi nilitaka kuona kwa namba. Nikapanga mzigo wote upya kama ulivyokuwa asubuhi ile, nikaweka gurudumu la mbele juu ya mizani ya kupimia uzito wa mwili, la nyuma nikalipandisha kwenye ubao wa kimo kile kile ili pikipiki isiiname, nikakaa, mwenzangu akanishikilia kwa vidole viwili tu nisianguke. (Mizani yangu inafika kilo 150. Usijaribu kwa gurudumu la nyuma, utanunua nyingine.)

Nikiwa peke yangu gurudumu la mbele lilibeba kilo 94. Na mzigo wote, 90.

Kusema kweli nilivunjika moyo. Nilitegemea kupoteza kilo 20 kule mbele, nije niseme "mnaona?" Kumbe zimepotea 4. Ilinibidi nipige hesabu ya kutoa ili nielewe: jumla peke yangu ni kilo 231, kwa hiyo nyuma kulikuwa na 137. Na mzigo jumla ni 268 na nusu, na nyuma sasa kuna 178 na nusu. Nimepakia kilo 37 na nusu, lakini gurudumu la nyuma limeongezewa 41 na nusu. Kitu chochote kinachokaa nyuma ya ekseli ya nyuma hufanya kazi kama mtoto aliyekaa kwenye ncha ya bembea ya ubao: kinabebwa na gurudumu la nyuma kwa uzito wake wote, halafu kinalipunguzia na la mbele mzigo wake na kuuongeza hapo hapo nyuma. Gurudumu la mbele, lililokuwa linabeba asilimia 41 ya uzito wote, likabaki na asilimia 33 au 34. Hilo ndilo linalogeuza, na ndilo linaloshika zaidi unapofunga breki.

Ila kilo 4 peke yake hazitoshi kueleza mkia wa samaki. Kuna jambo la pili, nalo linahusu umbali. Kitu kizito kilicho mbali na katikati ya pikipiki hukataa kugeuzwa, na kikishaanza kugeuka hukataa kusimama. Ukaidi huo hukua kwa umbali ukizidishwa kwa wenyewe: ukipeleka dumu mara mbili mbali zaidi, ukaidi unakuwa mara nne. Dumu la kilo 10 kwenye ukingo wa keria linapopigwa upepo linakwenda upande mmoja, pikipiki inajaribu kulirudisha, linapita katikati na kwenda upande wa pili.

Na la tatu ni ile mipira niliyoiongeza kwa fahari. Mpira hushikilia mzigo kwa kuvutika, maana yake kila mzigo unaposukuma, mpira unakubali kwanza, kisha unaurudisha. Kuongeza wa tano hakukubadilisha tabia hiyo, kulifanya tu bembea iwe ngumu zaidi. Mipira inafaa kushikilia koti la mvua juu ya mzigo ambao tayari umefungwa. Kilo 25 hazifungwi kwa kitu kinachorefuka.

Nikaongezea na uzembe wangu: tairi la nyuma, nilipolipima likiwa baridi, lilikuwa na paundi 19 za upepo. Stika inataka 22 ukiwa peke yako na 25 ukiwa na mzigo. Tairi laini chini ya kilo 178 linajikunja ubavuni kila pikipiki inapoyumba, linasaidia kuyumba kuendelea.

Kuhusu wale madereva waliokuwa wananiwashia taa, nawaomba radhi. Shokapu ya nyuma ilikuwa imeshuka milimita 35 zaidi ya kawaida. Kati ya magurudumu yangu kuna kama mita 1.4, kwa hiyo mita 25 mbele mwanga wa taa ulipanda zaidi ya sentimita 60, moja kwa moja usoni mwao. Kukaza springi ya shokapu ni kazi ya dakika tano kwa spana yake maalumu, na kulikuwa na alama za kuzungusha ambazo sikuwahi kuzigusa tangu niinunue pikipiki.

Safari ya pili

Mtu mmoja alinishauri ningebeba vingine mgongoni, kwenye begi kubwa. Nililikataa hilo haraka. Kilo 10 mgongoni ziko juu kuliko zingekaa popote kwenye pikipiki, zinachosha mabega ndani ya saa moja, na ukianguka unaangukia vigingi vya hema kwa uti wa mgongo.

Sikununua kitu zaidi ya mikanda minne ya kitambaa yenye bizimu. Mabegi laini ya ubavuni nikaazima. Hema ni lile lile la watu wanne, ila nililitoa kwenye mfuko wake, na hapo nikagundua kwamba mfuko wa hema ndio unaolifanya liwe gogo. Likitoka, linakuwa vitu vitatu: kitambaa cha kilo 4.4 kinachokubali umbo lolote, fito za kilo 1.5, na vigingi karibu kilo nzima. Vigingi vilikwenda chini kabisa kwenye begi la kulia pamoja na vifaa vya ufundi, sufuria moja na nguo zilizopunguzwa: kilo 7.9. Kushoto nikaweka maji lita 4 kwenye chupa mbili, chakula na kopo moja la gesi, mbali na ekzosi: kilo 8.1. Hayo mabegi nilikuwa nayapima kwa mizani ya kuning'iniza, na ningeyapokea hata yangetofautiana kilo nzima, lakini ilikuwa raha kuyaona yamekaribiana hivyo.

Kitambaa cha hema, fito, begi la kulalia na godoro vyote viliingia kwenye begi moja refu lisilopitisha maji, kilo 10, likalazwa kwa kukingama kwenye kiti cha abiria. Upana wake ni sentimita 66, ndani ya usukani. Keria ilibaki tupu. Kiti kikabaki nyumbani. Jumla, pamoja na mabegi yenyewe, kilo 28, na mizani ikaonyesha 96 gurudumu la mbele: kilo mbili zaidi ya nikiwa peke yangu.

Kufunga nako kulichukua muda kuliko nilivyodhani. Mikanda miwili inavuta begi chini na mbele, miwili chini na nyuma, kwa sababu mzigo hautaki tu kuruka juu. Ukiongeza mafuta unataka kurudi nyuma, ukifunga breki unataka kukufuata mgongoni. Mikanda ilishikwa kwenye fremu na kwenye vyuma vya vikanyagio vya abiria, siyo kwenye plastiki wala shingo za taa za indiketa. Kila mkanda niliupindua mzunguko mmoja kabla ya kuubana, kwa sababu mkanda ulionyooka kwenye upepo hupiga kelele na kujilegeza. Mikia ya mikanda niliifunga fundo na kuichomeka ndani. Mkia wa mkanda ukishuka kwenye cheni au gurudumu, gurudumu la nyuma linaweza kujifunga ghafla, na hapo hakuna ujuzi wa kuendesha utakaokuokoa.

Cheni yenyewe niliilegeza kidogo, ndani ya kipimo cha kitabu, baada ya kuona kwamba nikikaa na mzigo wote inakaza. Upepo paundi 25. Springi alama mbili.

Tulisimama baada ya kilomita 15 tu. Mwenzangu akauliza kuna nini tena. Nikamwonyesha: mikanda yote minne ilikuwa imelegea, ningeweza kupitisha ngumi chini yake, ingawa nilikuwa nimeibana kwa uzito wangu wote. Begi la kulalia lilikuwa limepumua hewa yake yote kwa mitikisiko. Tukaibana upya, na baada ya hapo haikulegea hadi jioni.

Malori yalitupita mengi. Kwenye 85 nilihisi msukumo wa upepo, pikipiki ikaegama kidogo, ikarudi.

Yaliyoharibika safari hiyo yalikuwa mengine. Begi la kulia bado linapata joto. Tuliposimama niliweka kiganja chini yake nikahesabu hadi tatu nikakitoa, na hapo lipo sentimita 7 juu ya ekzosi, na kipande cha bati katikati. Nguo nimezihamishia kushoto, upande ule sasa ni chuma kitupu. Maji ya lita 4 yaliisha asubuhi ya kwanza na ikabidi nirudi kilomita 9 kujaza. Na jioni, mwenzangu alipokaa kwenye kiti chake kidogo cha fito, mimi nilikalia begi tupu lililojazwa upepo na kufungwa mdomo. Lilidumu dakika ishirini hivi, likanishusha polepole mpaka chini.

"Kaka," akasema, "kiti si ungekilaza tu kwa urefu?"